Sikulitaja Jina Lake

Kwa miaka mingi nimeandika kwenye mtandao bila kujua ninaandika kuhusu nini. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Wako wanaosema hivyo ili waonekane huru. Mimi nasema kwa sababu niliulizwa mara nyingi na kila mara nilikosa jibu. Ukurasa wangu ulikuwa na maandiko mia kadhaa. Moja lilihusu mlio wa mabati mvua inapoanza. Jingine lilihusu ng'ombe aliyelala katikati ya barabara pale Kalengera, akazuia malori tangu asubuhi mpaka mwenyewe alipoamka (mwenye ng'ombe, si ng'ombe, ng'ombe alikuwa macho muda wote). Kulikuwa na andiko juu ya profesa wetu wa falsafa, ambaye alifundisha kwa buti za mvua, na matatu juu ya maharagwe. Vichwa vya maandiko vilikuwa "Jambo dogo", "Jambo dogo jingine", "Leo". Wasomaji wangu walikuwa kama arobaini. Nusu yao walikuwa ndugu, waliosoma ili kuhakikisha kwamba sijawaandika wao.

Nilianza baada ya mlipuko ule wa kwanza wa volkano niliouona kwa macho, ule ambao moto wake ulipita katikati ya mji wetu, Goma, na kuacha barabara zikiwa juu kuliko madirisha. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, licence ya fasihi, na sikuwa na kazi. Mtandao ulipatikana katika chumba kimoja chenye kompyuta sita na jenereta moja. Siku ya kwanza nilikusudia kuandika juu ya volkano, kama kila mtu. Lakini nilipokuwa njiani nilimwona fundi viatu amekaa juu ya mawe mapya, bado yana joto, ameegemeza mgongo kwenye kizingiti cha juu cha mlango wa duka. Duka lenyewe lilikuwa chini yake, limejaa mawe. Nikaandika juu ya mgongo wa fundi viatu. Volkano niliisahau.

Tangu hapo imekuwa hivyo. Naanza na jambo kubwa, naishia kwenye mgongo wa mtu.

Mwaka mmoja shirika fulani lilitualika sisi tunaoandika mtandaoni kwenye hoteli iliyo kando ya ziwa, siku mbili, pamoja na chakula cha mchana. Mwalimu alikuwa dada kijana kutoka Bukavu, mpole, mwenye projekta na subira. Alituzunguka mmoja mmoja.

"Muzee, ukurasa wako unazungumzia nini?"

"Mambo."

"Mambo gani?"

"Yanayopita."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka, aliandika kitu kwenye daftari lake. "Mambo si mada, muzee. Mutu akifika kwako leo anakuta maharagwe, kesho anakuta ng'ombe. Kesho kutwa atarudi kutafuta nini?"

"Atarudi kuona kama ng'ombe amekula maharagwe," akasema mwalimu wa hesabu wa shule ninakofundisha, aliyekuja kwa ajili ya chakula.

Wakati wa mapumziko yule dada alikuja kukaa karibu nami. Alisema kwamba dunia inatafuta vitu viwili tu kutoka Goma: volkano na vita. Nichague kimoja, nikae nacho kama ndoa. Nilichagua volkano, kwa sababu haina simu na haitanuna. Nilikaa nayo wiki tatu. Andiko la kwanza lilihusu moshi, na nusu yake ilikuwa juu ya kikohozi cha shangazi yangu. La pili lilihusu majivu, likaishia kwenye kabeji za Kibumba. La tatu sikulimaliza. Nikarudi kwenye mambo yangu, na kwa siri nilifurahi. Niliamini kwamba mtu asiye na mada hana pia madhara. Anayeandika siasa anajua anacheza na moto. Mimi niliandika juu ya kabeji.

Hayo ndiyo niliyoyaamini, na sina budi kuyasema kabla ya kumleta mwanamke wa soko la Kituku.

Nilinunua sambaza kwake, vile visamaki vya ziwani, kwa miaka. Alikaa mahali pamoja, juu ya ufuo kidogo, chini ya parasoli kubwa nyekundu, mwavuli wa kukinga jua, aliyoipata kanisani kwao baada ya sherehe fulani, yenye picha ya mtakatifu ambaye jua lilikwisha kumfuta uso. Wote walimwita Mama Parasoli. Alipima samaki kwa kopo la maziwa, na baada ya kupima aliongeza kiganja kimoja bila kukutazama, ili usimshukuru. Ukuta wa uwanja wangu mtaani Mapendo ulipoanguka, yeye ndiye aliyeniambia kwamba mume wake ni mwashi.

Mume alikuja na nyundo mbili na kofia. Alifanya kazi siku sita. Kabla ya kupasua jiwe la volkano aliligonga taratibu kwa nyundo ndogo, akainama, akaweka sikio, akaligeuza, akaligonga tena. Halafu alichukua nyundo kubwa na kulipiga mara moja tu. Lilifunguka kama mkate. Nilikuwa likizoni, kwa hiyo nilileta kiti.

"Unasikia nini?" nilimwuliza.

"Nasikia kama iko na tumbo, shimo ya ndani. Jiwe ya tumbo inavunjika vibaya." Alinitazama pale kwenye kiti. "Na wewe muzee, kazi yako leo ni kuniangalia?"

"Nitaandika."

"Utaandika nini?"

"Unavyogonga."

"Na batu batasoma ile?"

"Wachache."

"Basi andika kama jiwe ilinishinda. Batacheka, batakuwa wengi."

Mwaka haukupita, mlima ukafunguka tena. Mara hii moto haukuufika moyo wa mji. Ulisimama ukingoni, lakini ukingoni ndiko walikokuwa wakikaa hao wawili. Walikimbia na vilivyokuwa mikononi: mke beseni la samaki, mume nyundo. Picha za harusi, cheti cha ndoa, nguo, picha za watoto waliokwisha kuolewa na kuoa mbali, vyote vilibaki chini. Miezi michache baadaye mume alikuwa akipasua mawe palepale nyumba yake ilipokuwa, na kuyauza kwa wanaojenga. Nilipita nikamsalimu. Alisema amefika karibu na jikoni.

Kisha waasi walirudi milimani, upande ule alikozaliwa yule mwashi. Aliaga kwamba anakwenda kuangalia shamba la baba yake. Baada ya muda nilikwenda Kituku kununua sambaza, na mama yule aliniambia huku akipima:

"Masoni yangu alienda." Masoni, yaani mwashi, ndivyo alivyomwita mume wake.

"Kujenga?"

"Hapana."

Akaongeza kiganja chake. Katika mji wetu "hapana" ya namna hiyo haihitaji maelezo. Vijana wa vijiji vile, na wazee wao pia, walikuwa wameshika silaha kupigana na waasi.

Wiki hiyo niliandika andiko. Lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kuandika, na nalisema hili kwa aibu. Niliweka parasoli na mtakatifu asiye na uso, kopo la maziwa, kiganja cha nyongeza, nyumba iliyo chini ya mawe, sikio juu ya jiwe. Sikutaja jina la mtu yeyote, maana mimi ni mtu mwenye adabu. Mwishoni niliweka sentensi hii: "Mikono iliyosikiliza mawe sasa imeshika chuma kingine huko milimani, na mke wake anapima samaki akiwa ameligeuzia ziwa mgongo." Niliisoma kwa sauti jikoni. Mke wangu alisema ni ndefu. Niliibakiza. Kichwa cha andiko, kama kawaida yangu, sikukihangaikia.

Halafu, baada ya muda mrefu wa kusikia kwamba wako mbali, kisha kwamba wako karibu, waasi waliingia mjini.

Siku zile wengine wameziandika, na kwa haki zaidi kuliko mimi. Nitasema tu kwamba hatukuwa na maji wala umeme wala mtandao, kwamba tulichota maji ziwani na kuyachemsha kwa mbao za viti, na kwamba mtaani kwetu tulizika watu watatu katika wiki moja, bila nyimbo ndefu, kwa sababu kila mmoja alitaka kurudi nyumbani mapema. Ulipokutana na mtu mliulizana tu kama wote mko hai, basi. Hakuna aliyeuliza habari za kazi.

Watu walianza kusafisha simu. Ndivyo tulivyosema, kusafisha, kama sufuria. Walifuta picha, nyimbo, majina, mazungumzo ya miaka. Njiani unaweza kusimamishwa ukaambiwa ufungue simu yako, na mtu usiyemjua akasoma maisha yako kwa kidole gumba. Mwalimu wa hesabu, yuleyule wa hotelini, alikuja kwangu asubuhi moja na kidumu cha maji mkononi. Alikuwa msomaji wangu mwaminifu. Alinisoma ili kunisahihisha.

"Nimefuta kila kitu," alisema. "Hata picha za ubatizo. Na wewe?"

"Mimi siandiki politiki. Nitafuta nini? Kabeji?"

Aliweka kidumu chini. "Na bwana ya Mama Parasoli?"

"Amefanya nini?"

"Uliandika iko mu pori na bunduki."

"Sikuandika bunduki. Niliandika chuma."

"Hm."

"Na sikutaja jina."

"Jina ya ule mama ni nani?"

Sikulijua. Nilikuwa nimenunua samaki kwa mwanamke yule kwa miaka kumi na zaidi.

"Unaona," alisema mwalimu wa hesabu. "Mimi pia sijui. Muji muzima haijui. Unaficha kitu chenye batu habajue, na kile banajua, unakiandika na picha ya mutakatifu juu yake." Alichukua kidumu chake. Mlangoni aligeuka. "Ilikuwa andiko muzuri, lakini. Nililisoma mara mbili."

Nilikaa pale pale kwenye kizingiti. Kosa kama hili, nadhani, lingetendwa na mtu wa kwetu tu, tena aliyesoma sana. Nilikuwa nimejifunza chuoni kwamba ukitaka kumlinda mtu unaficha jina lake. Hiyo ni sheria nzuri ya mahali ambapo watu wanaitana kwa majina. Kwetu jina la mtu linakaa kwenye kadi ya uchaguzi na kwenye kitabu cha parokia, na hutolewa siku ya ndoa na siku ya kaburi. Siku nyingine zote mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, kwa mahali anapokaa, kwa anachouza, kwa kilema chake, kwa parasoli yake. Kama ningeandika jina lake la ubatizo ningekuwa nimemficha vizuri kabisa, katikati ya wanawake wote wa parokia wanaoitwa hivyo. Badala yake nilimwandika kama anavyojulikana. Wakubwa wapya wa mji wangehitaji tu kuuliza pale ufuoni ni nani mwenye parasoli nyekundu, na hata mtoto angewaonyesha kwa kidole, kwa heshima.

Andiko lile lilipaswa kutoka. Hapo ndipo nilipolipia kutokuwa na mpango.

Mtandao wetu ulikuwa umekatwa, lakini karibu na mpaka unaweza kunasa ule wa nchi jirani, ukiwa na kadi yao ya simu. Nilikuwa nayo, wengi tunayo. Nilitembea kila asubuhi hadi karibu na barieri, kizuizi cha mpakani, kwenye ukuta mmoja ambapo watu walikuwa wamesimama wamejipanga, nyuso zimeinamia simu, kama wanaosali rozari. Kila mmoja alikuwa akimtafuta mtu wake. Mimi nilikuwa nikitafuta andiko langu.

Mwandishi mwenye mada angeweza kufika mara moja: hapa vita, hapa mazingira, hapa watu mashuhuri. Mimi nilikuwa na "Jambo dogo" zaidi ya mia moja. Ukurasa ulifunguka kwa shida, mega za mtandao zilikwisha, askari walipita na sote tukatia simu mifukoni na kutazama ziwa. Nilijaribu kukumbuka andiko lile lilikuja baada ya lipi. Baada ya maharagwe? Nilifungua maharagwe. Nilifungua kikohozi cha shangazi. Nilijisoma kwa siku tatu, mstari kwa mstari, nikiwa na hofu, na ninakiri kwamba hofu ni mhakiki mzuri. Maandiko mengi hayakustahili mega zake. Na nilimkuta mama yule mahali ambapo sikumtarajia. Alikuwa kwenye andiko la mvua, amekunja parasoli. Alikuwa kwenye andiko la bei ya samaki. Alikuwa kwenye andiko la siku nilipopoteza ufunguo. Nilikuwa nimemwandika miaka yote bila kujua. Nilifuta hayo matatu bila kusita.

Siku ya tatu nililipata lenyewe. Kichwa chake kilikuwa "Leo".

Nililisoma mpaka mwisho. Nilipofika kwenye sentensi ile nilikaa nayo kwa muda ambao mtu mwenye akili hakai hapo, na watu walikuwa nyuma yangu wanangoja nafasi ya ukuta. Kisha nililiondoa. Sikulifuta. Nililiweka kwenye rasimu, mahali ambapo mimi tu naweza kuliona. Nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya kumbukumbu. Haikuwa kweli. Ilikuwa kwa ajili ya sentensi.

Kutoka pale nilishuka moja kwa moja mpaka Kituku, kumwomba msamaha kabla hajaambiwa na mwingine.

Alikuwa mahali pake, juani. Parasoli haikuwepo. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani na kukaa kidogo upande, kama mtu aliyekuja leo. Samaki walikuwa wachache. Mitumbwi ilikuwa imeanza tu kurudi ziwani. Nilichuchumaa. Sikujua nianzie wapi, nikaanza vibaya.

"Mama, kuna kitu niliandika."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwenzangu wa korali, wa kuimba kanisani, iko na simu. Alinisomeya. Toka ile siku uliiandika." Alifukuza nzi kwa kipande cha kaniki. "Kila siku ya yenga, siku ya Mungu, nyuma ya misa, alikuwa ananisomeya. Sasa réseau ya simu ilipotea, tuko tunangoja tu."

"Nimeliondoa," nilisema. "Nimekuja kukuambia hivyo. Nimeliondoa asubuhi hii, na nakuomba unisamehe."

Mkono wake ulisimama juu ya samaki.

"Umeitoa?"

"Ilikuwa hatari kwako. Kila mtu anakutambua."

"Hatari najua. Parasoli niliificha mimi mwenyewe, sikungoja wewe." Wanawake wawili walipita na mabeseni, akawasalimu, akangoja waende. "Umeitoa yote?"

"Yote."

"Na yeye?"

Sikuelewa. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu mzima asiyejua kuvuka barabara.

"Papa, toka nyumba iungue sina picha yake. Hata moja. Ile ya kadi alienda nayo. Kwa simu ya mwenzangu njo kule alikuwa. Ile pahali anaweka sikio." Aligusa sikio lake mwenyewe, kidogo, kama kufukuza nzi mwingine. "Sijue kama iko muzima. Sasa na pale umemutoa."

Nilimwambia kwamba sijafuta, kwamba liko bado, limefichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile nilifurahia udhaifu wangu. Mnunuzi mmoja alikuja, akampimia, akaongeza kiganja, mnunuzi akaenda.

"Basi toa mimi," alisema. "Yeye umuache."

"Bila wewe mtu atamjuaje?"

"Mimi nitamujua."

Tangu asubuhi nilikuwa nimebaki na nakala ya andiko kwenye simu. Tuligeukia ziwa, watu wasituone usoni, nikaanza kumsomea kwa sauti ndogo, naye akawa anaamua. Parasoli itoke. Samaki watoke. Mtakatifu atoke, ingawa hapo alisita. Kopo la maziwa, kanisa, ufuo, Mapendo, ukuta wangu, upande wa milima alikokwenda, vyote vitoke. Nyumba iliyo chini ya mawe?

"Nyumba za watu wengi ziko chini ya mawe," nilimwambia. "Hiyo inaweza kubaki."

"Toa. Ile haitanisaidia kumuona."

Alikuwa mhariri mkali kuliko wote niliokutana nao, pamoja na yule dada wa projekta. Nilipomsomea jinsi mume wake anavyogonga, aliniomba nirudie. Nilirudia.

"Uliweka alikuwa anagonga mara tatu."

"Ndiyo."

"Ni mara mbili. Anagonga, anasikiliza, anageuza, anagonga. Basi."

"Tatu ilisikika vizuri zaidi."

"Kwa nani?"

Nikaandika mbili. Kisha tukafika mwisho. Niliisoma sentensi yangu polepole, kwa sauti yangu ya darasani, mikono iliyosikiliza mawe, chuma kingine, ziwa na mgongo. Nadhani nilitumaini kwamba ataitetea.

"Ile toa," alisema.

"Yote?"

"Ile haikuwa yake. Ile ilikuwa yako."

Nikaifuta palepale mbele yake, na mara hii kweli. Ninapoiandika hapa naiandika kwa ruhusa yake na si kwa maneno yaleyale. Na msomaji aliye Goma asijisumbue kwenda kutafuta: parasoli nimeiweka mahali pa kitu kingine, na soko si lile, na mtakatifu ni wangu. Nilimwuliza kuhusu kila kimoja. Jiwe ndilo alilosema libaki.

Andiko lililobaki lilikuwa na sentensi saba. Mtu anachukua jiwe. Analigonga, anaweka sikio, analigeuza, analigonga tena. Anasikiliza kama lina tumbo. Andiko halina jina la mji wala la mwaka, na nusu ya wanaume wa mji huu wameshawahi kupasua jiwe la volkano. Kesho yake nilirudi kwenye ukuta wa mpakani, nikaliweka. Wanaopita pale labda wanaona ni zoezi la mwandishi aliyeishiwa.

Hakuna aliyekuja kumwulizia. Sijui kama ni kwa sababu tulifuta kwa wakati, au kwa sababu tu hakuna anayenisoma. Na ni mara ya kwanza maishani kuomba iwe hii ya pili. Mume hajarudi. Kuna wanaosema alionekana, kuna wanaosema mengine. Mama haulizi tena, maana kuuliza nako ni kujionyesha.

Mtandao ulirejea baada ya muda, na nilipokwenda tena kununua samaki aliniambia kwamba Jumapili zimerudi kama zamani. Wanakaa nyuma ya kanisa, mwenzake anafungua simu, anasoma. Siku hizi wanawake wengine wa korali nao wanasogea kusikiliza, kwa sababu ni fupi na wanasema limeandikwa vizuri.

"Banauliza huyu masoni ni nani," alisema.

"Na wewe unawaambia nini?"

Alijaza kopo, akalisawazisha kwa kidole.

"Nawaambia sijue. Masoni ni wengi."